Jioni ya Sakafuni

Wiki iliyopita nilikwenda Gungu kumwona binti yangu, maana mguu huu wa kushoto umeanza kunitisha na yeye anakaa karibu na zahanati. Tulipomaliza kula, mjukuu akanisogezea simu yake usoni. "Babu, mtazame huyu." Nikatazama. Kijana mmoja wa Kizungu, picha yenyewe ya zamani imefifia rangi, amesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne, watu wamemzunguka, waamuzi wamekaa mezani. Ubao unamtii. Anaugusa kwa kidole cha mguu unaruka, unapinduka hewani, anaupokea kwa nyayo bila hata kutazama chini. Mjukuu akaniambia huyo ni gwiji, alishinda mashindano mpaka wenzake wakachoka kushindana naye, na mpaka leo vijana wanajifunza kwa kumtazama.

Nikamwambia mtu wa namna hiyo nimeshamwona. Akauliza wapi. Nikasema hapa, Ujiji. Akacheka, si kwa dharau, ni vile tu hawa watoto wanavyocheka ukiitaja Ujiji pamoja na kitu cha kwenye simu. Basi nikaliacha, nikaomba maji. Lakini wewe ngoja nikuambie, maana jambo hili likibaki kwangu litazikwa na mimi, na mguu ndio huo.

Nilikulia kwa bibi yangu mzaa mama, kule chini Ujiji, ambako ukikaa barazani unasikia ziwa. Bibi alikuwa anakamua mawese. Wewe uliyezoea kuyanunua kwenye chupa pale sokoni Mwanga, hujui kazi yake. Chikichi zinachemshwa kwenye pipa tangu alfajiri, zinatwangwa kwenye kinu kikubwa, kisha zinachemshwa tena mpaka mafuta yanapanda juu mekundu, naye anayaengua kwa kata, polepole, kama mtu anayemvua mtoto nguo akiwa amelala. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto kwa makapi. Nguo zangu zilinuka mawese, nywele zilinuka mawese, shuleni mwalimu alikuwa akinirudishia daftari amelishika pembeni kwa vidole viwili. Shule yenyewe sikuimaliza, niliishia darasa la nne, si kwa sababu ya daftari, ni mambo mengine. Tuyaache.

Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyopikwa kwa mawese hayo hayo. Siku hizi mgebuka unauzwa kama dhahabu. Zamani ulikuwa unaweza kuchagua, huyu mnene, huyu hapana, mrudishe.

Sasa, mawese ya bibi yalikuwa yanapelekwa stesheni Kigoma, na aliyekuwa akiyapeleka ni kijana mmoja, mtoto wa jirani yetu muuza dagaa. Tulimwita mchukuzi tu. Mrefu, miguu mirefu kama ya korongo, na mpole kupita kiasi. Wachukuzi wengine walibeba debe kichwani au kwenye baiskeli. Yeye alikuwa na ubao. Ubao wa mninga, mpana kiasi cha kukaa debe, chini amefunga beringi nne za lori alizookota gereji. Kwenye mwinuko anauvuta kwa kamba. Kwenye mteremko anapanda nyuma ya debe, anajipinda huku na huku, anashuka nao. Beringi zile juu ya barabara zilikuwa zinalia ngurrr, ukisikia unajua mchukuzi anarudi, na bibi ananituma nikainjike maji ya chai.

Kazi ikaleta mchezo, vijana wengine nao wakajitengenezea mbao. Pale pwani palikuwa na ghala la zamani lililobomoka, kuta zimeanguka, bati zimeibwa, imebaki sakafu peke yake, pana, ya saruji, laini kama kiganja. Tukapaita Sakafuni. Akina mama waliotwaa upande mmoja waliutumia kuanika dagaa, upande wa pili ulikuwa wa vijana. Alasiri, kazi zikiisha, wote wenye mbao walikwenda pale kushindana. Walikuwepo vijana wengi waliojua. Lakini mchukuzi akiingia wenzake walikaa chini bila kuambiwa. Wenzake walipaka beringi grisi ya gereji. Yeye alipaka mawese. Alisema grisi ni nzito, inamshika mguu, mawese yanamwachia. Na kweli, ubao wake ulikuwa ukiteleza kama umesahau kuwa ni ubao.

Basi ikaja habari. Mwalimu ndiye aliyeileta, akaisema darasani na jioni akaja kuisema barazani kwa bibi, mchukuzi akiwepo. Kuna bwana ametoka Dar es Salaam, anazunguka mikoani kutafuta vijana wenye vipaji, wa sarakasi na maonyesho. Akimpenda mtu anaondoka naye, anafundishwa, anakuwa mtumishi wa kulipwa mshahara, anasafiri mpaka nchi za nje. Mwalimu amemwomba apite Sakafuni. Jumamosi, alasiri.

 Mchukuzi aliinama akaanza kuzungusha beringi moja kwa kidole, akaizungusha muda mrefu. Baba yake alikuwa amekufa ziwani, mama yake mgongo umekwisha kwa kuinama kwenye dagaa, na yeye mwenyewe kifua kilishaanza kumuuma. Kila mtu barazani alijua maana ya habari ile kwake, hata mimi mtoto nilijua. Bibi akamwambia, "Mwana wanje, mwanangu, safari hii hutapaka mafuta ya kuuza. Nitakukamulia ya kwako."

Na alifanya hivyo. Ijumaa alichagua chikichi zilizoiva vizuri, akazikamua peke yake, hakutaka hata nimsaidie moto. Mawese mekundu, mazito, yana harufu ya kukutoa mate. Jioni mchukuzi akaja na ubao, wakaupindua barazani, bibi akayamimina mwenyewe kwenye beringi zote nne mpaka yakafurika, huku anamwombea dua kwa sauti ya chini. Jirani, mama yake, alikuwa amekaa kando, analia na kucheka. Yule mama alikuwa na meno mazuri sana, sijui kwa nini nakumbuka meno.

Asubuhi, hatujanywa hata chai, mwalimu akaja anahema juu ya baiskeli. Bwana amebadili. Gari limepatikana la kumpeleka Kasulu, anataka kuondoka mapema, atapita Sakafuni sasa hivi. Tukakimbia wote.

Huo ulikuwa mwezi wa baridi. Wewe unayeijua Kigoma unaijua ile asubuhi ya kiangazi, upepo unashuka kutoka milimani, mpaka mbwa hawataki kutoka jikoni. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuelewa mpaka leo. Sisi ni watu wa mawese. Kila asubuhi ya namna ile bibi alikuwa anayachota kwa kijiko kwa sababu yameganda, anaweka kibuyu karibu na moto ndipo yamiminike. Mtoto wa Ujiji anajua mawese huganda kabla hajajua jina la baba yake. Na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Yeye alizoea kucheza alasiri, jua limekwishapika kila kitu, na asubuhi alizoea kuanza kwa mwinuko, anavuta taratibu, mafuta yanapata joto njiani. Nasi tulikuwa na furaha. Furaha inamfanya mtu mjinga, ndivyo nilivyoona.

Bwana alikuwa amesimama na koti lake, saa mkononi, dereva hajazima gari. Watu wamejaa. Mchukuzi akaweka ubao chini, akapanda, akajisukuma. Haukulia ngurrr. Ulitoa sauti kama mtu anayekoroma, ukaenda kidogo, ukasimama. Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani wake. Akasukuma tena kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yakakubali, ya mbele yakakataa, na alipojaribu kugeuka akaanguka kifudifudi mpaka kwenye dagaa za watu.

Akainuka. Akajaribu tena. Akaanguka tena. Kijana mmoja wa Mwanga, wale waliokuja kutazama tu, akasema kwa sauti, "Mchukuzi, si uubebe kichwani kama debe." Hapo watu walicheka kweli. Hata dereva.

Bwana hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alimuuliza mwalimu kwa upole kama kijana anaumwa. Mwalimu akasema apewe muda kidogo. Bwana akatazama saa. Kulikuwa na kijana mwingine, huyo anatembea kwa mikono na kuruka kinyumenyume, akaonyesha vyake palepale, bwana akampenda, akaambiwa akachukue nguo zake. Wakaondoka naye. Vumbi lao lilikaa hewani muda mrefu kwa ile baridi.

Mchukuzi alikuwa amekaa chini, ubao mapajani. Alikuwa anachimbua kwenye beringi kwa ukucha wa kidole gumba, anatoa mafuta yaliyoganda, rangi ya kiini cha yai, anayapangusa kwenye saruji. Bibi akamsogelea. Nilimwona anavyotembea, kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika.

"Ni mafuta yangu," bibi akasema.

"Hapana, bibi. Mafuta hayana kosa."

"Niliyamimina mimi."

"Ni asubuhi tu, bibi. Ni hii asubuhi."

 Bibi akarudi nyumbani na siku ile pipa halikuinjikwa.

Sasa ningeishia hapo ingekuwa habari ya kawaida tu ya mtu kukosa bahati, na hizo Kigoma tunazo nyingi, zinaletwa na treni na nyingine zinaondoka nayo. Lakini alasiri nilisikia ngurrr. Nikatoka mbio. Mchukuzi alikuwa Sakafuni peke yake. Jua lilikuwa kali, saruji inachoma nyayo, na mafuta ya bibi yalikuwa yameyeyuka yote, yanadondoka.

Ndugu yangu, sina maneno ya kutosha, na yale niliyonayo ni ya darasa la nne. Alianza kwa kuzunguka taratibu kandokando. Kisha akaanza kutembea juu ya ubao huku ubao unakwenda, mguu huu unapita mbele ya ule, kama mtu anayeshuka ngazi ambazo hazipo. Akakanyaga nyuma, mbele ikanyanyuka, akazunguka kwa magurudumu mawili, anazunguka, anazunguka, mikono ameifunga kifuani, macho ameyafumba. Akaupiga teke ukapinduka chini yake na yeye yuko hewani, ukarudi, akatua. Akasimama kwa mikono juu yake, miguu ile mirefu juu angani, ubao unakwenda wenyewe kuelekea majini, nami nikashika kichwa, na pale mwisho wa sakafu akageuka nao, sijui kwa nini haukuanguka. Na kila alipopita mafuta yalichora. Mistari myekundu, miduara ndani ya miduara, sakafu nzima.

Watu walianza kuja mmoja mmoja. Akina mama wakaacha dagaa. Mwalimu akaja, akavua kofia, akabaki ameishika. Hakuna aliyepiga makofi. Ungepigaje? Jirani, mama yake, akasimama karibu na mimi, nikamsikia anamuuliza mwalimu, "Na yule bwana sasa atakuwa wapi?"

"Kasulu," mwalimu akasema.

Akacheza mpaka jua likaingia ng'ambo, Kongo, na mafuta yakaanza tena kuwa mazito. Kisha akashuka, akaupeleka ubao kwa bibi, akauegemeza mlangoni. Hakuupanda tena. Tangu Jumatatu alibeba debe kichwani kama wenzake. Miduara ilikaa Sakafuni mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja, watoto tukawa tunatembea juu yake tukijaribu kuifuata, tunapotea njiani.

Bibi alikufa. Jirani alikufa, mwalimu alihamishwa na huko alikohamishwa akafa. Sakafuni pamejengwa, kuna maduka, ukiuliza hakuna anayejua unasema nini. Mbao za beringi sizioni tena, kijana mwenye mzigo anaita bodaboda, na sawa, mimi mwenyewe naipanda.

Mchukuzi nilikutana naye mara ya mwisho Mwanga sokoni, miaka mingi imepita, ameketi juu ya gunia anauza sabuni za mawese. Shingo ilikuwa imezama mabegani kwa ajili ya madebe. Nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa ni mjukuu wa yule bibi, akafurahi, akanikalisha. Mimi nilikuwa na hamu. Miaka yote ile nilitaka nimwambie. Nikaanza kumsimulia ile jioni, miguu juu angani, miduara, mwalimu na kofia yake. Nilimsimulia yote kama ninavyokusimulia wewe, hata vizuri zaidi, maana meno yangu yalikuwepo.

Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akipanga sabuni zake.

"Asubuhi naikumbuka," akasema. "Ile baridi, na yule kijana aliyesema niubebe kichwani. Kila siku naikumbuka." Akafikiri. "Jioni sikumbuki, mdogo wangu. Nilicheza jioni?"

Nikamwambia ulicheza, kaka. Tulikuona. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonyeshwa kitu cha jirani akiambiwa ni chake, akanifungia sabuni moja kwenye gazeti akasema nimpelekee mke wangu.