Injini ya Gari la Marehemu

Wateja walimwita Taratibu, kwa sababu ukimharakisha alifunga sanduku lake la spana akaenda kunywa chai. Kaka yake mkubwa, fundi cherehani, alipofariki, Taratibu ndiye aliyepokea wageni na kupanga viti. Hakutoa chozi. Watu wakasema amejikaza kiume. Wala hakujikaza, hakusikia kitu tu, kama mguu uliokufa ganzi.

Siku moja mjane wa kaka akampigia simu.

"Shemeji, kuna mtu analitaka lile gari. Anauliza kama injini ni nzima huko ndani. Nimjibu nini?"

"Mwambie angoje. Nakuja kuliangalia."

Lilikuwa gari la zamani, umri wake na wa Taratibu ni sawa, limelala uani chini ya shuka kuukuu tangu kaka alipoanza kuugua. Taratibu akachomoa plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Tatu zilikuwa za kahawia, salama. Moja nyeusi, imelowa oili. Akaizungusha injini kwa mkono, kwa spana kubwa. Ikazunguka, haikuwa imeganda.

Alipofungua kifuniko cha vali akakuta gasketi, kile kizibo cha kuzuia oili isivuje, iliyokatwa kwa ile karatasi ngumu ya kuchorea mitindo ya nguo, kingo zimenyooka kama pindo la suruali. Kazi ya kaka hiyo. "Kazi zetu ni moja," alizoea kumtania, "ila nguo zangu hazivuji oili." Taratibu akaitazama, akingoja kitu kimshike kifuani. Hakikuja. Akaendelea.

Akaazima betri kwa jirani, akapima mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Ile ya plagi nyeusi ilitoa nusu ya wenzake. Akaitia oili kidogo, akapima tena, sindano ya kipimo ikapanda. Basi vali hazina neno, oili ndiyo imeziba mwanya. Ringi za pistoni ndizo zilizochoka.

Akarudishia kila kitu, akatia petroli mpya, akawasha. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika.

Shemeji akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, uso umechangamka kama wa mtu anayempokea mwenzake kutoka kazini. Akamwona Taratibu kwenye usukani. Akasimama.

"Moshi wa bluu," Taratibu akasema. "Ringi zimechoka, silinda moja. Mwambie ukweli, asije akasema tumemuuzia mbuzi kwenye gunia."

Shemeji akakaa kizingitini, akalia kwa sauti. Taratibu akazima injini, akaenda kukaa kando yake, mikono imejaa grisi, asijue aiweke wapi.

"Na wewe lia, shemeji. Hakuna anayekutazama."

"Ningeweza, ningelia."

Mnunuzi alikuja Jumamosi, akaambiwa yote, akalichukua hivyo hivyo. Taratibu akafunga geti. Shemeji akamwekea chakula, naye akala chote. Alipoulizwa kama chumvi imekolea, akasema imekolea. Hakuwa na hakika.