Karani wa Ibra na Vita vya Ayalandi

Juzi, katika ofisi moja hapa Ibra, Omani, nilisubiri mhuri huku karani akiipigania Ayalandi. Alisoma huko miaka minne, na sasa, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la kalamu, alikuwa akibishana na watu asiowajua juu ya vyama viwili vya kule na nani alimsaliti mwenzake miaka mia nyuma. Alibonyeza herufi kwa kidole kimoja, kama anayeua chungu mezani.

"Magazeti yao yote yamenunuliwa," alitwambia sisi wa foleni.

Bibi mmoja mbele yangu, mzaliwa wa Unguja, akamwuliza, "Wewe umelisoma lipi, mwanangu?"

"Magazeti sisomi, bibi. Nasoma maoni ya watu chini yake."

"Na ugomvi wao unakuhusu nini?"

"Hiyo historia. Lazima mtu ajue nani alimfanya nini mwenzake."

Bibi akaitikia kwa kichwa, macho yake kwenye jina la ukoo wa karani katika kibao cha mezani. "Sisi Unguja, zama za siasa, kabla ya mapinduzi, tulikuwa hatuzikani. Jeneza la baba yangu lilipopita, jirani wa chama kingine alifunga dirisha. Babu yako alikuwa chama gani?"

Kidole kikasimama. "Wallahi sijui. Hayo ya zamani, bibi, ya nini kuyafukua?"

"Mimi najua," bibi akasema taratibu. "Dirisha lilikuwa lake."

Karani akamgongea mhuri bila kumtazama, kisha akarudi Ayalandi, ambako hakuna anayemjua babu yake.