Mapipa ya Mtaa wa Sokoni

Siku yangu ya kwanza kazini katika Baraza la Mji wa Bukoba nilikabidhiwa taipureta na onyo. Taipureta ilikuwa nzito na utepe wake umechakaa. Onyo lilitoka kwa Karani Mkuu, mzee mkavu aliyerithi kiti cha Mwingereza pamoja na tabia zake zote isipokuwa chai ya saa kumi.

"Kijana," aliniambia, "neno la kikao lisilothibitishwa ni maneno ya kilabuni. Ukiandikia barua maneno ya kilabuni, utafungwa wewe, si diwani."

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni kule Rubya, nchi ndiyo kwanza imepata uhuru, na niliogopa kufungwa kuliko kufa. Nikalishika neno lake kama katekisimu.

Ninyi mnaoamua mambo kwa simu, vumilieni nieleze. Muhtasari ni maandishi ya yaliyosemwa na kuamuliwa kikaoni. Kikao kinachofuata husomewa maandishi hayo, wajumbe wakiridhika mwenyekiti hutia sahihi, na hapo tunasema umethibitishwa. Kisha huja sehemu iitwayo yatokanayo, ambapo watu huulizana yale waliyoyaagiza yamefikia wapi. Mimi chini ya yatokanayo niliandika daima sentensi moja: "Utekelezaji utaanza baada ya kikao hiki." Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Karani Mkuu alipostaafu nilikalia kiti chake. Ndipo lilipokuja jambo la Mtaa wa Sokoni.

Mtaa ule ulikuwa mwembamba. Malori ya kahawa yalipita hapo, mabasi ya Muleba yalipakia hapo, na malori ya sukari yaliingia kwa kupiga rivasi hadi milango ya maduka ya Wahindi. Soko lilikuwa limejaa, kwa hiyo akina mama wa ndizi walikaa nje, ukingoni mwa lami. Siku ya gulio mtu alichagua ndizi huku jicho moja likitazama magurudumu.

Aliyeleta malalamiko ofisini alikuwa Mama Kokugonza, mkulima wa Kitendaguro, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuja na wenzake wanne, akakataa kukaa.

"Waitu karani," alisema, kwa neno letu la heshima, "hatuombi kujengewa. Tunaomba gari lisije tulipokaa, Jumamosi tu. Ebitoke, ndizi zetu hizi, haziwezi kukimbia, na sisi tukikimbia tunaziacha."

Nilimwandikia ombi lake vizuri, nikaliweka kwenye ajenda. Kikaoni walibishana hadi mchana. Diwani mmoja, ambaye alikuwa na gari na alipenda lijulikane, alisema mji usiopitisha magari katikati si mji, ni shamba. Tulidhani wenye maduka watamuunga mkono. Badala yake diwani Mhindi, mwenye duka la vitambaa palepale mtaani, alisimama akasema, "Mteja anayekimbia lori hanunui kitu. Mimi nasema mtaa ufungwe, siku moja kwa wiki." Mikono ikainuliwa. Iliamuliwa kwamba kila Jumamosi mtaa ufungwe pande zote mbili, uwe wa waenda kwa miguu.

Bwana Ujenzi, ambaye ndiye aliyesimamia barabara za mji, hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alitafuta mapipa manane ya lami yaliyokwisha kazi, akayapaka chokaa, akayajaza mawe, akayapanga uani nyuma ya dirisha langu. Kilichobaki ilikuwa barua yangu.

Mwenyekiti alinikuta kwenye kibaraza cha ofisi. "Karani, mwandikie Bwana Ujenzi kesho aweke mapipa."

"Mheshimiwa, muhtasari haujathibitishwa. Kikao kijacho ni baada ya miezi mitatu."

Mwenyekiti alikuwa mkulima wa kahawa aliyeishia darasa la nne, na aliheshimu elimu kupita kiasi. Alinitazama kidogo. "Wewe ndiye msomi," alisema. "Kama sheria inasema tusubiri, tusubiri."

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikijiona mlinzi wa nchi changa dhidi ya fujo.

Mama Kokugonza alipita ofisini kila Jumamosi kabla ya kupanga ndizi zake. "Mapipa, waitu?" Nami nilimjibu, "Bado kuthibitishwa, mama." Alikwenda kuwaeleza wenzake, na baada ya muda wote walilitamka neno hilo kwa heshima, kama jina la ugonjwa wa wakubwa.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufikia kikao. Lori la sukari lilipiga rivasi, utingo akigonga bodi na kupiga kelele, na Mama Kokugonza alikuwa ameinama akifunga mkungu. Gurudumu lilimpata mguu wa kushoto. Nilisikia vilio nikiwa mezani. Niliposimama kutazama dirishani, nilichokiona kwanza ni yale mapipa, meupe, yamepangwa vizuri.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilimtembelea wodini na kopo la maziwa. Alikuwa amepungua sana, na swali lake lilikuwa lilelile.

"Wamethibitisha?"

"Bado wiki mbili, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kwa subira, akanishukuru kwa maziwa.

Kikao hakikukaa. Serikali ilitangaza kuvunja mabaraza ya miji na kupeleka madaraka mkoani. Nilibeba jalada langu hadi kwa Mkurugenzi wa Maendeleo, bwana mpya aliyevaa suti ya mikono mifupi. Alilisoma lote, sina neno naye.

"Baraza halipo," alisema. "Uamuzi wa asiyekuwepo, nani atautia sahihi?"

Mapipa yakamwagwa mawe, yakapelekwa kijiji cha ujamaa Muleba kuwekea maji. Mimi nami nilihamishiwa huko, wilaya ilipokuwa mpya na watu wakihamia vijiji vya pamoja. Kazi yangu ilikuwa kufundisha makatibu wa vijiji namna ya kuendesha vikao. Niliwafundisha nilivyofundishwa. Ninakumbuka kijiji kimoja kilichoamua kujenga kivuko juu ya mto kabla ya masika, na katibu wake, mwanafunzi wangu hodari, akasubiri kuthibitisha. Masika hayakusubiri. Nilimpa alama za juu.

Karibu na kustaafu nilipelekwa chuoni kwa kozi fupi. Mwalimu alikuwa binti wa rika la mwanangu wa tatu. Alisema kuthibitisha muhtasari ni kukubali tu kwamba karani aliandika sawasawa. Uamuzi ni uamuzi tangu mikono inapoinuliwa. Nilinyoosha mkono kumsahihisha.

"Mzee wangu," alinijibu kwa upole, "kama hamtekelezi mpaka muhtasari uthibitishwe, kwenye yatokanayo mnaulizana nini?"

Darasa lilicheka. Mimi niliketi. Sentensi yangu ya miaka yote ilinipita mbele ya macho.

Wastaafu wenzangu husema ukistaafu unapumzika. Mimi naona ofisi ilikuwa ndiyo mapumziko, maana kule kulikuwa na kitu cha kufanya kila nilipokumbuka. Mwaka jana nilikwenda Kitendaguro. Nilimkuta Mama Kokugonza kibanjani kwake, mkongojo umeegemezwa kwenye mgomba. Alinipa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote. Nikamweleza yote bila kuficha.

Alisogeza kikapu katikati yetu.

"Kwa hiyo ilikuwa barua moja."

"Barua moja, mama."

"Na wewe ungeweza kuiandika kesho yake."

"Ningeweza."

Alichukua punje moja ya kahawa, akaigeuza vidoleni, akairudisha kikapuni.

"Miaka yote nilidhani ni Serikali," alisema. "Serikali nilishaisamehe, waitu. Haina uso. Sasa wewe umenijia hapa na uso wako, nikufanyeje?"

Nilikuwa na punje mdomoni, sikuweza kuimeza wala kuitema. Aliuvuta mkongojo wake, akaingia ndani, akaniacha nje na kikapu.