Ngoma Moja ya Mjusi

Fundi wetu wa nguo hucheza mchezo wa vita vya mazimwi huku kabana pini mdomoni, kwa hiyo hata umtanie vipi hajibu. Simu anaiegemeza kwenye kopo la vifungo. Kipenzi chake humo mchezoni ni zimwi la mjusi mwembamba aliyemlea mwaka mzima kwa mbio na makali tu. Ulinzi hana, makofi mawili kwisha habari. Akiingia uwanjani, kwanza anacheza ngoma ya kujipandisha nguvu na mbio, na zamu hiyo hampigi mtu. Hapo ndipo tunapomcheka.

Juzi shemeji yake alikuja kupunguziwa suruali, mguu mmoja ukiwa umeshabanwa pini, naye akatoa simu yake wapambane, wakawekeana sharti: fundi akishindwa, mjusi anafutwa kwenye simu. Fundi akatanguliza zimwi lake jingine, kobe, akalilaza usingizi zimwi la shemeji, kisha kobe akajitoa mhanga kumpisha mjusi. Mjusi akaingia, akacheza.

"Shemeji, hii vita au harusi?" mwenye suruali akacheka.

Zimwi likaamka, likamtandika mjusi, uhai ukabaki kama uzi.

"Ongeza ngoma basi!" akamchokoza tena.

Mimi ningeongeza, ulafi nimezaliwa nao. Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, na shemeji akaacha kucheka. Mjusi hakucheza tena; akaangusha zimwi la kwanza, la pili, la mwisho, bila hata moja kuwahi kurudisha kofi. Tukangoja sasa fundi atambe.

"Haya shemeji," akasema, akizirudisha pini mdomoni, "lete mguu wa pili."