Nguva Aliyechorwa Usevya

Katika miaka ya sabini, nikiwa mwalimu Usevya, wilayani Mpanda, nilipelekwa Dar es Salaam kwa semina ya elimu ya watu wazima. Siku ya mwisho tulipewa mapumziko, nikaenda makumbusho peke yangu. Huko ndiko nilikomwona nguva: picha kubwa ya rangi, mnyama wa kijivu ndani ya maji ya kijani, mtoto wake amejibana ubavuni ananyonya. Neno hilo nilikuwa nalifundisha miaka miwili bila kujua mnyama mwenyewe yukoje.

Nikatoa daftari, nikaanza kuchora. Mhudumu akanijia.

“Dada, kuchora hapa mpaka uwe na barua.”

“Kaka, mimi natoka Mpanda. Barua itafika mwezi ujao, na treni yangu inaondoka leo.”

Akarudi kwenye kiti chake mlangoni. Nikamaliza.

Mkono wangu niliuamini tangu utoto. Nilipofika Usevya nilisaga mkaa, nikachanganya udongo mweupe na maji, nikamchora nguva kwenye ukuta wa darasa, mrefu kuliko mimi. Watu wakaja kumwangalia. Wengi walisema ni kiboko aliyekatwa miguu. Niliwajibu wote bila kuchoka: anaishi baharini, anakula majani, ananyonyesha, na akitaka pumzi hupanda juu.

Mmoja wa waliokuja alikuwa mzee wa Kipimbwe, kabila la pale kwetu, aliyewinda viboko ujana wake wote. Darasa letu la kusoma na kuandika alikuwa amelikataa tangu lianze. Alisema herufi ni kazi ya watoto. Aliipitia picha kutoka mkiani mpaka kichwani, wanafunzi wakimtazama.

“Mwalimu, umesema huyu anapanda kuvuta pumzi kama kiboko?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi wako atakufa. Pua umemwekea mbele, kama ng'ombe. Apumue vipi bila kutoa kichwa chote nje? Mnyama wa maji pua yake iko juu. Anaitoa kidogo, anazama.”

Nilitabasamu. Mimi nilikuwa nimeiona picha kwa macho yangu, yeye hata bahari hakuijua. Nikafungua daftari nimwonyeshe. Matundu ya pua yalikuwa juu kabisa, mawili, nilivyoyachora mwenyewe kule makumbusho. Wakati wa kuchora ukutani sikuwa nimelifungua daftari hata mara moja.

Ningeweza kulifunga. Nililigeuza, nikamwonyesha yeye na darasa zima.

“Umeona sawa, baba. Nimekosea mimi.”

Hakucheka. Aliokota kipande cha mkaa, akaweka alama mbili mahali pua ilipotakiwa kuwa, kisha akabaki nacho mkononi.

“Na jina lake linaandikwaje?”

Nikamwandikia ubaoni. Akalinakili chini ya picha taratibu, herufi moja moja, G ikiangalia upande usio wake. Nikaiacha hivyo hivyo.

Kesho yake alikaa benchi la mbele. Alisoma mpaka siku ya mtihani, akafaulu, na katika muda wote huo hakuna picha ya kitabu iliyopita bila yeye kuikagua. Ya swala aliikataa kabisa. Alisema mchoraji hajawahi kumwona swala akikimbia.