Nilimshtaki Mchumba Wangu kwa Sababu ya Trela za Malaba

Admin, ficha jina langu na la chuo, maana anayehusika husoma ukurasa huu kila asubuhi hata kabla ya kupiga mswaki.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, kwetu ni Amagoro. Nasomea kemia, shahada ya pili, katika chuo kidogo kando ya barabara ya trela ziendazo Malaba. Mchumba wangu nasoma naye, na maabara tunatumia sisi wawili tu. Jumamosi hii watu wa kwao wanakuja kwetu kujitambulisha, na baba ameshachagua mbuzi.

Kazi yetu niwaeleze kidogo ndio mnielewe. Kuna unga fulani wa kaboni unaopitisha umeme kiasi, si kama waya, si kama mpira. Tunauyeyusha kwenye dawa, tunachovya kipande cha kioo, halafu mota ndogo inakivuta juu polepole sana. Dawa ikikauka, unga unajijenga kuwa vinyuzi ambavyo huvioni bila darubini. Ukivuta vizuri vinalala vyote upande mmoja, kama nyasi za Budalang'i zikishapitiwa na mafuriko, na umeme unapita. Kioo kikitikisika kidogo tu, vinalala ovyo na kazi yako imekwisha. Sasa trela likipita, maabara yetu nzima inatetemeka. Madereva wakilaani foleni ya mpakani, sisi tunashangilia, kwa sababu trela zikisimama ndipo tunavuta vioo.

Mwezi uliopita mchumba wangu alinionyesha picha za darubini. Vinyuzi vyote sambamba, hakuna hata kimoja kilichopotoka! Vyangu miezi saba sasa vinafanana na njiti za kiberiti zilizomwagika. Nilimpongeza, lakini machale yalinicheza. Nikasubiri atoke, nikafungua daftari lake. Alikuwa ameandika: Jumatano, saa nane mchana, hapa chuoni.

Jumatano hiyo naikumbuka vizuri. Foleni ilifunguka asubuhi, trela zikapita mfululizo hadi jioni. Niliharibu vioo vitatu, nikaenda zangu nyumbani kwa hasira. Saa tisa nilimpigia, simu imezimwa. Nikajiambia, huyu ameiba picha za mtu mtandaoni. Na anayemdanganya mwalimu wake, mke atamdanganya mara ngapi? Nisiwafiche, wivu nao ulikuwemo.

Sikumuuliza. Nilimwandikia msimamizi wetu, ambaye tunamwita Daktari, barua bila jina, kwamba picha zile ni za uongo kwa sababu siku hiyo trela zilipita kutwa. Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi yake.

Wiki iliyopita mchumba wangu akaitwa. Alikuja kwangu macho mekundu.

"Babe, wanasema nime-fake. Kamati inakaa ile Jumatatu baada ya watu wetu kuja kwenu. Naweza kufukuzwa."

"Kwani uli-fake?"

"Zi, hapana! Nilibeba ile mota ya akiba na dawa nikapeleka kwetu Rukala. Huko hakuna trela. Nilitumia betri ya sola, simu nikazima isitikise meza. Mathe alifukuza hata kuku wasikaribie. Lakini kutoa vitu vya lab ni makosa, ndio nikaandika hapa chuoni."

Akatoa kioo chenyewe, amekifunga kwa pamba. Hata hapo sikuamini. Kesho yake, alipoenda kula, nilikiweka kwenye darubini mwenyewe. Vinyuzi ni vilevile, vya kwenye picha. Nilikaa chini nikalia, kwa kweli.

Jioni hiyo, tukinywa chai, akaniambia, "Daktari alinionyesha hiyo barua. Imeandikwa mambo ya trela. Nani mwingine anajua mambo ya trela?"

"Pengine ni soja wa geti," nikasema.

"Soja hata hajui tunavuta kioo." Akamaliza chai yake, akaosha vikombe vyote viwili, akaenda. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena. Najiuliza kama ameshajua na ananisubiri niseme mwenyewe.

Nikimwambia ukweli kabla ya Jumamosi, naona hakuna mgeni atakayefika kwa baba. Nikinyamaza, Jumatatu anakwenda mbele ya kamati bila shahidi, na mimi ndiye mtu pekee, mbali naye, aliyeona kile kioo kwa darubini. Daktari akijua barua ni yangu na kwamba nilikosea, huenda akamsikiliza.

Leo asubuhi mama yake amenipigia kutoka Rukala.

"Mwanangu, Jumamosi nakuletea samaki. Lakini huyo adui wa mtoto wangu, wewe uko hapo hapo chuoni, nitafutie jina lake tu."

Nikamjibu, "Sawa mama, nitatafuta."

Jamani, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nitukaneni mkitaka, lakini nishaurini leo hii, maana ni Alhamisi tayari.