Kidawa Hakuitika

Wewe unayenisikiliza, nakuomba usiniambie nilikuwa nimechoka. Nilichoka, kweli, nimetoka kazini kuogesha wazee tangu alfajiri. Lakini ulikuwa mchana mweupe, hapa hapa Thamesmead, London, na niliyoyaona niliyaona.

Nilimkuta msichana kwenye mlango wa chini wa jengo letu, mtoto wa kama miaka kumi na miwili, anabonyeza kengele ya kwetu. Amejifunga kanga, nywele zinachuruzika maji. Mvua haikuwapo.

"Shikamoo dada," akasema. "Kidawa namwita, haitiki."

Watoto wa hapa ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Huyu alisema Kipemba cha wazee. Na Kidawa ni jina la utotoni la mama yangu. Majirani wote walimjua kwa jina la Bi Khadija.

"Mtoto wa nani wewe? Utakufa na baridi hii. Njoo ndani."

"Siingii. Mwambie aitike tu."

Nikapanda mbio. Kila nyumba ina kidude ukutani cha kuongea na aliye mlangoni: yeye unamsikia, lakini wewe hakusikii mpaka ubonyeze. Mama alikuwa amesimama mbele yake, kiganja mdomoni. Sauti inatoka: "Kidawa. Kidawa we."

"Mama, si umwitike?"

Akatikisa kichwa. "Nahodha katukataza."

Nahodha gani, London? Nikadhani akili imeanza kumpotea. Subiri nikueleze taratibu, maana jambo lenyewe liko hapa. Wazazi wa mama walikuwa katika watu wa mwanzo wa kijiji chao kuihama Pemba kwenda Mombasa, mji ambao hawajawahi kuuona. Walivuka usiku, kwa mashua ndogo iliyojaa watu, bahari imechafuka. Unajua tulivyolelewa sisi wa pwani: ukisikia unaitwa gizani na humwoni mtu, usiitike, huenda ni jini. Nahodha akawaonya vivyo hivyo. Sauti yoyote itokayo majini, nyamazeni.

Basi mama, mtoto mdogo aliyejikunyata nyuma kabisa chini ya turubai, akasikia anaitwa kutoka majini kwa sauti ya dada yake Asha. Akaziba mdomo, kama alivyofundishwa. Sauti ikaita, ikaita, ikawa mbali. Kulipokucha, mahali pa Asha palikuwa patupu.

Hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu baba. Aliniambia mimi mchana ule, tumesimama pale ukutani, na sauti bado inaita.

"Mwitike basi, mama."

"Na kama ni jini?"

"Jini gani atavuka bahari zote hizo aje kubonyeza kengele Thamesmead?"

Akacheka kidogo, niamini, akacheka huku analia. Akabonyeza.

"Bee," akasema. "Bee, Dada Asha."

Tulipokuwa tukibishana, sauti ilikuwa imeshaacha kuita, na sisi hatukutambua. Nilishuka nikakuta maji tu kizingitini. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi. Jirani yangu anasema ni maji ya mto unaopita karibu nasi. Lakini tangu lini mto ukapanda hadi mlangoni petu?

Tangu siku ile mama hakukaa mbali na ukuta ule. Kengele ikilia, kabla hajajua ni nani, husema "Bee." Kijana anayeleta piza akazoea, akawa na yeye anamjibu "Bee, bibi," na mama anamshukuru, kisha anarudi kukaa. Akaendelea hivyo mpaka miti ilipoanza kutoa majani, ndipo akafariki. Asha hakurudi. Au labda wameshakutana, mimi sijui. Ninalojua ni kwamba alichotaka yule mtoto kilikuwa kidogo sana.

Sikwambii uache kujikinga. Soma dua zako, funga mlango wako. Lakini ukisikia sauti ya mtu wako inakuita, itika kwanza. Kisha ndipo uulize ni nani.